Altoona: treni bado zinapita, sasa kazi zilienda wapi?

Mtu akisikia mji fulani wa reli umesinyaa, kitu cha kwanza anachofikiria ni kwamba treni ziliacha kupita. Reli iling'olewa, stesheni ikaota majani, watu wakahama, basi. Lakini ukija Altoona, mji ulioko bondeni chini ya milima ya Allegheny huko Pennsylvania, Marekani, maelezo hayo hayakai kabisa. Treni zinapita pale mchana na usiku, makumi kwa siku, ndefu na nzito kuliko zilivyowahi kuwa enzi za mababu. Na bado mji uliokuwa na watu 82,054 kwenye sensa ya 1930 ulikutwa na watu 43,963 kwenye sensa ya 2020. Karibu nusu wameondoka, na reli iko palepale.

Hilo ndilo nataka kulifungua hapa maana kwa muda mrefu hata mimi lilinichanganya, na nilipolielewa niliona kumbe Altoona haikuzaliwa na treni. Ilizaliwa na mlima. Treni ilikuwa tu mteja wa mlima.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1825 New York walifungua mfereji wa Erie, na kuanzia hapo mizigo ya bara ikawa inateremka kirahisi mpaka bandari yao, na wafanyabiashara wa Philadelphia wakaona mali inawapita hivi hivi. Wakajibu kwa kujenga mfumo wa kwao wa mifereji kuelekea Pittsburgh, lakini katikati ndio kuna milima ya Allegheny, na mfereji haupandi mlima. Wakafanya kitu ambacho ukikisoma leo unaweza usiamini: mwaka 1834 wakafungua Allegheny Portage Railroad, kilomita kama 58 kutoka Hollidaysburg mpaka Johnstown, yenye miteremko 10 ambapo mashine ya mvuke iliyofungwa juu ya kilima ilivuta mabehewa kwa kamba, moja baada ya jingine, na baadaye kulikuwa na maboti ya mfereji yaliyotengenezwa kwa vipande ili yapakiwe juu ya mabehewa yavushwe mlima kisha yaunganishwe tena majini upande wa pili. Ilifanya kazi, sikatai. Lakini ilikuwa polepole, ilikula pesa, na baridi kali ikiingia mifereji inaganda na kila kitu kinasimama.

Ndipo mwaka 1846 ikaanzishwa kampuni ya Pennsylvania Railroad kwa lengo moja, reli ya moja kwa moja kwenda Pittsburgh. Injinia mkuu akawa J. Edgar Thomson, na huyu bwana ndiye aliyefanya uamuzi uliozaa mji.

Uamuzi wenyewe unahitaji kuelezwa taratibu. Ukiwa na mlima mbele yako na unataka kupandisha reli, una njia mbili. Ya kwanza unaanza kupanda mapema, kidogo kidogo, kilomita nyingi, ili mwinuko usambae na usiumize popote. Ya pili unabaki chini bondeni kadiri unavyoweza, unafuata mto, reli iko karibu tambarare, halafu ukifika mguuni mwa mlima unapanda kwa mkupuo mmoja. Thomson akachagua ya pili. Reli ikafuata bonde la mto Juniata kwa upole mpaka mguuni mwa Allegheny, kisha kutoka hapo ikapanda mita kama 300 ndani ya kilomita 19 hivi mpaka kwenye handaki la Gallitzin. Hoja yake ilikuwa nzuri sana: kichwa cha treni kimoja kitavuta mzigo mkubwa sehemu yote ya bondeni bila taabu, na pale kwenye kipande kifupi kigumu tutaongeza vichwa vya kusukuma, vikifika juu vinakatwa, vinarudi chini kusubiri treni nyingine. Shida yote imekusanywa sehemu moja badala ya kutawanywa njia nzima.

Sasa jiulize, hivyo vichwa vya kusukuma vitalala wapi? Maji vitanywa wapi, makaa vitapakia wapi, vikiharibika vitatengenezwa wapi, na watu wa kuviendesha wataishi wapi? Pale pale mlima unapoanza. Mwaka 1849 kampuni ikanunua shamba kwenye bonde la Logan, ikapima viwanja, ikaanza kujenga karakana. Hakukuwa na mji. Hakukuwa na bandari, soko wala njia panda ya zamani, ni shamba tu. Altoona ilichorwa kwenye karatasi kwa sababu mahali pale ndipo treni inaishiwa nguvu.

Ukitaka kuielewa hiyo "kuishiwa nguvu" fanya hesabu ndogo. Treni ya tani 1,000 ikiwa kwenye reli tambarare, gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, msuguano ni mdogo sana, nguvu ya tani mbili mpaka nne hivi inatosha kuivuta iendelee kutembea. Hiyo ndiyo siri ya reli kushinda barabara. Ila sasa iweke treni hiyohiyo kwenye mwinuko wa chini kidogo ya asilimia 2, kama ule wa juu ya Altoona. Kwa macho huwezi hata kuuona vizuri, gari dogo linapanda bila kubadilisha gia. Lakini kila tani moja sasa inarudishwa nyuma na nguvu ya kilo 18 na ushee, kwa hiyo tani 1,000 zinadai tani 18 na nusu za nguvu ya ziada juu ya zile za mwanzo. Yaani mzigo haujaongezeka hata kilo moja ila kazi imeongezeka mara tano, mara nane, na ule ulaini wa chuma juu ya chuma uliokuwa baraka kule chini huku umegeuka balaa, magurudumu yanateleza yakizunguka palepale, hasa mvua ikinyesha au majani yakidondoka kwenye reli.

Na hata hiyo asilimia 2 haikupatikana bure. Juu ya mji kidogo bonde linagawanyika, vijito viwili vinashuka kutoka pande mbili na katikati kuna pua ya mlima. Kwenda moja kwa moja kungekuwa mwinuko ambao hakuna treni ya kawaida ingeupanda. Kwa hiyo reli ikaingia upande mmoja wa bonde, ikajaza udongo kuvuka kijito, ikazunguka ile pua, ikajaza tena kijito cha pili, ikatokea upande wa pili ikiwa imegeuka karibu kabisa kule ilikotoka lakini iko juu zaidi. Ni kama mtu anayepanda mlima kwa miguu, haendi wima, anapinda kushoto na kulia ili njia iwe ndefu na mwinuko uwe mdogo. Kona hiyo inaitwa Horseshoe Curve kwa kufanana na kiatu cha farasi, ina urefu wa mita kama 724, na ilifunguliwa tarehe 15 Februari 1854. Waliochimba wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, kwa sururu, koleo, farasi na baruti. Treni ndefu ikiwa pale abiria wa behewa la nyuma anakiona kichwa cha treni yake mwenyewe ng'ambo ya bonde kikienda upande tofauti na yeye. Safari ya Philadelphia mpaka Pittsburgh iliyokuwa inakula siku kadhaa ikashuka mpaka chini ya siku moja.

Baada ya hapo mji uliota kama uyoga. Kilichoanza kama sehemu ya kulaza vichwa vya kusukuma kikawa sehemu ya kuvitengeneza, halafu kuvijenga upya, halafu kuvibuni. Mwaka 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, magavana wa majimbo ya kaskazini walikutana Altoona tarehe 24 Septemba kwenye hoteli ya Logan House, siku mbili tu baada ya Lincoln kutoa tangazo lake la awali la kuwaachia huru watumwa, wakamuunga mkono. Kwa nini mji mdogo wa bondeni upewe heshima hiyo? Kwa sababu ya reli tu, ungeweza kufika kutoka mashariki na kutoka magharibi bila kuhangaika, na hoteli nzuri iko hapohapo kwenye reli.

Ila kuna jambo linalosemwa kidogo sana kuhusu Altoona na mimi naliona ndilo lenye uzito zaidi, nalo ni maabara. Kampuni ilianzisha idara ya majaribio pale mwaka 1874, na mwaka 1875 ikamwajiri mkemia, Charles B. Dudley, msomi wa Yale. Fikiria kidogo, kampuni ya treni inaajiri mkemia wakati ule, watu wengi hawakuona hata atafanya nini. Kumbe kazi ilikuwepo tele. Reli inanunua mafuta ya taa, grisi, rangi, sabuni, chuma, kila kitu kwa maelfu ya tani, na muuzaji anakuambia ni kizuri, utajuaje? Dudley akawa anapima kila kitu na kuandika masharti: mafuta yawe hivi, chuma kiwe na kaboni kiasi hiki, kikipungua tunarudisha. Mwaka 1878 akatoa ripoti kuhusu vyuma vya reli akisema chuma laini kidogo kinadumu kuliko kigumu sana, na wenye viwanda vya chuma wakaja juu kwelikweli, hawakuzoea mnunuzi anayewaambia namna ya kupika chuma. Kwenye ubishi huo ndimo ilimokua fikra ya viwango, kwamba muuzaji na mnunuzi wakae pamoja wakubaliane kipimo kimoja. Dudley baadaye aliongoza chama cha viwango vya vifaa kinachojulikana leo kama ASTM, toka 1902 mpaka alipofariki 1909. Nondo, saruji, bomba, mafuta, ukiona mahali popote duniani herufi hizo nne kwenye karatasi ya vipimo, sehemu ya mizizi yake iko kwenye mji huu wa bondeni.

Halafu walikuwa na mtambo wa kujaribia vichwa vya treni ndani ya jengo. Ulionyeshwa kwanza kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904 kisha ukahamishiwa Altoona. Kichwa kizima kinawekwa juu ya magurudumu yanayozunguka chini yake, kinakimbia kasi kamili bila kusogea hata hatua moja, na mafundi wanapima makaa yanayoingia, maji, mvuke, nguvu inayotoka. Kutoka kwenye utamaduni huo wa kupima ndiko kukatoka vichwa vya mvuke vya aina kama K4s, cha kwanza mwaka 1914, vikajengwa 425 kwa jumla na 350 kati ya hivyo vilitoka karakana ya Juniata palepale Altoona. Kwa miaka yote karakana za mji huu zilijenga vichwa vya mvuke zaidi ya 6,000.

Wakati wa kilele, miaka ya 1920, karakana ziliajiri watu kama 15,000. Majengo 122, yamepangana kandokando ya reli kwa urefu wa karibu kilomita tano. Sasa hapo ndipo unaielewa tabia ya mji. Wahunzi, mafundi boila, maseremala wa mabehewa, wachoraji, wapaka rangi, wote mwajiri mmoja. Baba yuko karakana, mjomba anaendesha kichwa cha kusukuma, kijana anaingia kama mwanagenzi, na wakati wa vita vya pili wanawake nao wakaingia kazini. Wajerumani, Waireland, Waitaliano, kila kundi na kanisa lake na mtaa wake, nyumba za mbao zimebanana kupanda vilima, na katikati ya mji kuna uwanja wa reli mpana kama mto, watu wanauvuka kwa madaraja. Moshi unakaa bondeni kwa sababu bonde haliuachii. Nguo ikianikwa nje inarudi na masizi.

Na kazi ilikuwa ya hatari, hili tusilipake rangi. Kupanda mlima ni taabu ila kushuka ndiko kunakoua. Zamani breki zilikuwa za mkono, watu wa breki walitembea juu ya mapaa ya mabehewa treni ikiwa inateremka, usiku, barafu, wanaruka behewa moja kwenda jingine wakikaza gurudumu la breki moja moja. Wengi walianguka. Breki ya hewa ya George Westinghouse ilipata hataza mwaka 1869 lakini ilibidi tufike 1893 ndipo sheria ya nchi ikalazimisha breki za hewa na viungio vya kujifunga vyenyewe. Na hata na breki hizo mlima haukuacha kudai, usiku wa tarehe 18 Februari 1947 treni ya abiria iitwayo Red Arrow iliteremka kwa kasi kupita kiasi, ikatoka relini kwenye kona ya Bennington juu ya Altoona, watu 24 wakafa.

Kuhusu umuhimu wa mahali penyewe, Wajerumani wa Hitler waliuona vizuri. Juni 1942 walileta watu wanane kwa nyambizi, wanne wakashushwa Long Island na wanne Florida, na kwenye orodha ya vitu vya kulipua Horseshoe Curve ilikuwemo. Ukiikata kona ile umekata mkaa, chuma na silaha kati ya viwanda vya Pittsburgh na bandari za mashariki. Mmoja wao, George Dasch, alijisalimisha mwenyewe FBI na mpango ukafa kabla haujaanza.

Kwa hiyo bomu halikuja. Kilichokuja ni dizeli.

Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo. Kichwa cha mvuke kinahitaji watu kama mtoto mchanga anavyohitaji watu. Kila siku kuna majivu ya kutoa, maji ya kujaza, makaa, grisi kila kiungo. Boila inaoshwa ndani mara kwa mara, inakaguliwa kila mwezi, mabomba yake yanabadilishwa. Vipuri vingi vinatengenezwa kwa mkono kwenye karakana ya kampuni yenyewe kwa sababu vichwa vyenyewe ni vya kampuni hiyo tu. Halafu kila kichwa kina dereva wake na mchochea moto wake, ukiweka vichwa vitatu umeweka timu tatu. Dizeli inanunuliwa tayari kutoka kiwandani, mfano General Motors kule La Grange, Illinois, vipuri ni vya aina moja nchi nzima, hakuna boila wala majivu wala kituo cha maji, na vichwa vitatu vinne vinaunganishwa kwa nyaya vikaendeshwa na timu moja. Altoona ikapigwa pande mbili kwa wakati mmoja, kazi ya kujenga vichwa ikaisha, cha mwisho cha mvuke kilitoka 1946, na kazi ya kuvitunza nayo ikapungua vibaya. Mvuke ukazimwa kabisa kwenye reli ile mwaka 1957.

Ndio maana nasema watu wanachanganya. Wanasema barabara iliua Altoona, na kweli barabara kuu ya kulipia ya Pennsylvania ilifunguliwa 1940, tena ikipita kwenye mahandaki yaliyochimbwa miaka ya 1880 kwa ajili ya reli ambayo haikumalizika, na malori yakachukua mzigo mwingi. Wanasema ni usimamizi mbaya, na kweli kampuni iliungana na mpinzani wake mwaka 1968 ikawa Penn Central na kufikia Juni 1970 imefilisika, serikali ikaja kuunda kampuni mpya ya reli, Conrail, 1976. Yote hayo yaliuma. Lakini hata kama mzigo wote ungebaki relini na mameneja wote wangekuwa malaika, zile ajira 15,000 zisingebaki, kwa sababu hazikuwa ajira za treni, zilikuwa ajira za mvuke na mlima. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mafundi walewale waliokuwa wakipima na kuboresha kila kitu kwa miaka themanini, kazi yao yote ilielekea huko huko, mashine inayohitaji mkono wa mtu kidogo zaidi.

Mwaka 1999 kampuni ya reli ya Norfolk Southern ikachukua reli hiyo, na karakana ya Juniata ipo bado, inatengeneza vichwa vya dizeli, ila ukubwa wake si wa enzi zile. Kichwa K4s namba 1361 kiliwekwa kwenye kona ya Horseshoe mwaka 1957 kama kumbukumbu, kikashushwa 1985 kifufuliwe. Makumbusho ya watu wa reli yalifunguliwa 1980, na mimi nimependa kwamba yanawataja watu wa reli kwa jina, siyo treni peke yake. Hata timu ya besiboli iliyoanza 1999 inaitwa Altoona Curve.

Siku hizi kuna kamera zinaonyesha ile kona moja kwa moja mtandaoni na nikikosa usingizi huwa nafungua. Unasubiri, giza, kimya, halafu unasikia mngurumo kutoka chini bondeni muda mrefu kabla hujaona taa. Vichwa viwili vitatu mbele vinapita kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, nyuma yake makontena, makontena, makontena, dakika kadhaa nzima, mpaka unadhani hayaishi. Halafu mngurumo unaanza tena upya, mkubwa kuliko wa kwanza, na mkiani vinatokea vichwa viwili vya kusukuma vimebana behewa la mwisho, vinahema. Baada ya muda utaviona vinarudi peke yake, vyepesi, vinashuka kwenda Altoona kusubiri treni inayofuata.